Nani Anakunywa Petroli Yetu?

Jumatatu, 3 Februari

Nimefokewa kwa ajili ya petroli ambayo sikuinywa mimi!

Baba Kezia, yaani Waitara mume wangu, amerudi mchana kutoka Mugumu uso umekunjamana kama soksi. Hakumsalimia hata mtoto. Anasema mchomoko wetu, hili gari dogo la abiria, unakunywa kuliko walevi wote wa Busawe wakikusanywa siku ya sikukuu. Anapeleka abiria, anarudisha abiria, na faida yote inaishia kwenye tenki. Halafu ajabu yenyewe: anapolala mchana anauacha mshale wa mafuta mahali fulani, akiamka jioni anaukuta umeshuka. Nikamuuliza mbona ananitazama mimi. Akasema hanitazami mimi, anatazama sufuria, ugali uko wapi.

Hilo lingepita. Lisilopita ni kwamba mzee Wangwe, baba mkwe, ameita kikao Jumapili baada ya kanisa. Kama gari halijaacha kunywa, linauzwa na ng'ombe wanarudi zizini. Linauzwa! Kama jogoo!

Chanzo cha maneno ni wifi Tabitha, dada yake Waitara. Ng'ombe walioletwa kumwoa yeye ndio waliouzwa tukapata gari. Kwetu ng'ombe wa dada humjenga kaka. Wengine huoa mke kwa ng'ombe hao. Waitara alikwisha kunioa, kwa hiyo akaoa gari. Sasa Tabitha analiona gari ni mwili wake. Akija hapa haombi kupakiwa. Anafungua mlango wa mbele anakaa, na abiria aliyekuwa mbele anahamia nyuma na kuku wake. Leo kasimama uani, mkono kiunoni, akasema ng'ombe wake walikuwa wanakula majani ya bure, sasa wanakunywa petroli na maziwa hawatoi. Kasema ananiambia mimi, lakini sauti ilikuwa ya kukiambia kijiji.

Mimi gari hili silipendi kwa maringo. Mwaka jana Kezia alishikwa na homa, macho yakageuka, mvua inapiga bati. Gari hili ndilo lililotufikisha hospitali Mugumu tukiwa mama na mtoto, siyo mama peke yake. Nani atanitajia ng'ombe aliyewahi kufanya hivyo?

Waitara akala, akalala. Akilala mchana hata mashine ya kusaga ya jirani Simoni haimwamshi, na ile mashine inatetemesha vikombe kabatini. Nikamchukua Kezia tukaingia garini, pale nyuma ya ghala, kama kila siku. Mtoto huyu tangu meno yaanze halali kitandani, halali mgongoni, wimbo ndio kabisa anaukataa. Analala garini tu, injini ikinguruma taratibu na kiyoyozi kikipuliza. Waitara alinifundisha kuwasha. Kuendesha bado, iko siku.

Humo garini ndimo akili yangu inapofanya kazi vizuri. Leo, mpaka Simoni anazima mashine yake, nilikuwa nimekata shauri. Nitamjua anayekunywa petroli yetu kabla ya Jumapili. Shule nimeishia darasa la saba, lakini macho hayakuishia huko.

Jumanne, 4 Februari

Mwizi ni shemeji Nchagwa! Nani mwingine?

Fikiria. Nchagwa ni mdogo wake Waitara, anaishi hapa hapa, ana pikipiki ya bodaboda. Pikipiki inakunywa petroli. Gari letu linaishiwa petroli. Mtu anahitaji kusoma chuo kwa hilo?

Nikatega mtego. Waitara alipolala tu, nikachomoa uzi wa sweta ya Kezia nikaufunga kwenye mfuniko wa tenki. Akifungua mtu, uzi unakatika. Halafu nikaona uzi peke yake hautoshi. Nikaingia garini na Kezia kulinda mwenyewe. Nikawasha injini mapema kuliko kawaida ili mwizi akisikia ajue kuna mtu. Nikaweka na kiyoyozi mpaka mwisho, maana mlinzi aliyezidiwa na joto anasinzia. Nililinda kwa uaminifu mchana wote. Hakuna aliyekaribia ila kuku.

Jioni Waitara akaja kuangalia mshale. Umeshuka kuliko jana! Kuliko siku zote! Nikakimbilia uzi. Uzi mzima! Huyu mwizi ni fundi. Ananyonya mafuta mtu akiwa amekaa juu yake!

Sikuweza kujizuia. Nchagwa aliporudi nikamwambia anipe mikono ninuse. Akanipa, akidhani ni mchezo. Petroli tupu! Nikamwambia mbele ya Waitara, sasa tumemjua aliyeko gizani. Nchagwa akacheka, akaona sicheki, akaacha kucheka. Akasema, shemeji, mkono wa mkamuaji unanuka maziwa, wa bodaboda unanuka petroli, kwani ulitaka unuke marashi? Akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba hatatia mguu nyumbani kwangu mpaka nimwombe radhi. Ugali wake aliuacha mezani unafuka moshi.

Nimwombe radhi! Mtu mwenye mikono kama ile!

Halafu kero nyingine. Mzee Wangwe huketi mchana kutwa karibu na zizi, upande wa pili wa ghala. Yeye na mimi hatuzungumzi uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima ya ukwe. Akinikuta njiani anashika upande ule, mimi nashika huu. Akiwa na neno kwangu humtuma Nchagwa. Basi leo nikiwa lindoni nikamsikia anamfokea mbwa wake, Sungusungu. Eti unanguruma, unanguruma, huendi popote, na mali ya nyumba inakwisha! Nikachungulia. Mbwa wa watu amelala, ulimi nje, hata nzi hamfukuzi. Nilimhurumia. Nyumba hii ukiwa mnyonge kila mtu anakuonea.

Jumatano, 5 Februari

Tumekwenda kwa fundi Gidion, Mugumu. Nilimwambia Waitara nakwenda naye ama asiende. Akasema gereji si kliniki. Nikapanda na mtoto.

Gidion ni mtu mwembamba anayezungumza na injini kuliko anavyozungumza na watu. Akachomoa plagi, akazitazama, akazirudisha. Akapiga matairi teke, akasema upepo hautoshi, gari linajiburuta kama ng'ombe mwenye kwato mbovu. Akafungua mahali pa filta ya hewa. Jamani! Chafu kama dari la jiko langu. Akasema gari haliwezi kuvuta pumzi kwenye uchafu huo. Likikosa pumzi linakula mafuta zaidi. Linunuliwe filta jipya.

Niliumia. Kumbe mtu mzima anaweza kukosa pumzi miezi yote hiyo na watu wanamwita mlevi!

Halafu Gidion akamuuliza Waitara kama gari huwa linakaa sana sailensa, yaani kuunguruma likiwa limesimama. Waitara akasema hapana, likisimama analizima. Mimi nilikaa kimya. Kwanza swali halikuwa langu, na mke hajibu swali la mumewe mbele ya mafundi. Pili, Gidion alikuwa anazungumzia madereva wanaosubiri abiria na injini imewaka, wakipiga soga. Mimi nabembeleza mtoto. Ni vitu viwili tofauti. Tatu, gari langu haliendi popote. Hata inchi. Mtu asiyetembea anachoka nini?

Waitara akataka kununua filta. Nikamvuta shati. Kitu ni kichafu tu, nyumbani sabuni iko. Mimi hufua nepi za Kezia zikarudi kuwa nyeupe kama karatasi, nitashindwa na filta? Akakuna kichwa. Gidion akasema mama, lile ni la karatasi. Nikamjibu, baba, nepi pia zilikuwa za pamba.

Tukarudi. Mchana Kezia akalala garini kama malaika. Nikakaa humo nikipanga jinsi ya kufua filta.

Alhamisi, 6 Februari

Sabuni za siku hizi hazifai.

Alfajiri nililitia filta kwenye maji ya moto na sabuni ya unga. Nikalisugua kwa brashi, nyuma na mbele, kama kola ya shati la kanisani. Maji yalitoka meusi mpaka nikafurahi. Nikalianika kwenye kamba katikati ya nepi. Kugeuka kidogo kumpa Kezia uji, kurudi, filta limevimba na kupinda kama sambusa iliyomwagikiwa chai. Na mbuzi wa mzee anatafuna kona.

Waitara tayari anapiga honi, abiria wanangoja barabarani. Ningefanya nini? Nikachukua kitenge changu cha zamani, kisafi kabisa, nikakikunja mara kadhaa nikakishindilia mahali pa filta. Kitenge kinachuja togwa vizuri tu. Kwa nini kisichuje hewa?

Gari likaondoka likikohoa. Nilidhani ni furaha.

Wamefika kilimani, kabla hata nusu ya njia ya Mugumu, likazima. Abiria wakashuka kusukuma. Katika kiti cha mbele alikuwa nani? Tabitha! Viatu vya kisigino, anakwenda benki. Wakamwambia ashuke naye asukume. Akasema hawezi kusukuma ng'ombe wake mwenyewe. Wakamwambia basi akae hapo hapo mpaka ng'ombe huyo ainuke mwenyewe. Akashuka. Kisigino kikabaki kwenye matope ya mfereji.

Waitara alifungua boneti mbele ya watu wote akatoa kitenge changu. Kinavuja mafuta. Abiria mmoja akauliza kama injini imejifungua.

Alirudi na filta jipya. Hakunifokea. Alikiweka kitenge mezani, kimekunjwa vizuri, akalala. Hilo ni baya kuliko kufokewa. Tabitha naye alikuja kunifokea kwa ajili ya wote wawili. Akasema Jumapili haitaisha kabla gari halijapata mnunuzi. Akasema tayari amemwona ng'ombe mmoja mwenye madoa, na jina amempa.

Jina amempa!

Na mzee Wangwe nahisi anazeeka vibaya. Mchana nikiwa garini na Kezia nimemsikia tena na mbwa wake. Safari hii anamwambia kwamba hata ng'ombe aliyelala anacheua. Akarudia kwa sauti kubwa, akielekeza fimbo huku kwangu. Anacheua, Sungusungu! Anacheua! Nikawaza, mzee wa watu, pengine ni njaa. Nimemkorogea uji wa ulezi na kumwekea mlangoni. Hakuna wa kumuuliza kama aliunywa, maana mjumbe wetu Nchagwa bado amenuna. Anakula kwa mama lishe barabarani na akinipita anatazama mawingu.

Ijumaa, 7 Februari

Kezia jino limetoka! Dogo, jeupe, kama punje ya mchele. Nilililia. Nikamwonyesha Waitara, akaligusa kwa kidole kichafu cha grisi, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kezia akamng'ata. Tulikuwa na furaha kama watu wasio na kikao.

Nikaona huu ndio wakati wa kumwambia wazo jipya, lakini niliogopa furaha isiishe. Nikalitekeleza kimya kimya.

Wazo ni hili. Juzi Gidion alisema pia kwamba gari likibeba mzigo mkubwa linakula zaidi. Nikafungua nyuma. Mizigo iliyomo! Jeki, spana, tairi la akiba, zito kama ndama. Tairi lisilotembea linabebwa kwenda Mugumu na kurudi kila siku, bila nauli! Nikalitoa. Limefaa sana. Kuku wangu mwenye vifaranga amelala ndani yake sasa hivi.

Jioni Waitara amekuja kwa miguu. Tairi limepasuka karibu na shule, akafungua nyuma kuchukua la akiba, akakuta shimo. Amesimama uani ananitazama. Kuku akatoa kichwa kwenye tairi. Waitara akamtazama kuku. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimetumwa na Tabitha.

Mimi! Nimetumwa na Tabitha! Mimi ninayelipigania gari hili peke yangu kama mama simba!

Nimelia. Akaja akakaa karibu yangu akasema yeye pia halali vizuri. Anasema likiuzwa hili hatapata jingine. Atarudi kuchunga ng'ombe ambao kila mtu ukoo mzima ana neno juu yao. Akasema anachotaka ni siku moja tu, moja, akiamka mshale uwe pale alipouacha.

Nikamshika mkono. Nikamwambia Mungu yupo. Halafu nikaenda kuwaomba vifaranga watoke kwenye tairi.

Jumamosi, 8 Februari

NIMELIPONYA!

Leo Waitara amekodiwa kupeleka watu harusini Gorong'a, Tarime, kwetu kabisa nilikozaliwa. Sikwenda, gari limejaa. Kabla hajaondoka alfajiri nilichukua pampu ya baiskeli ya Simoni nikajaza upepo matairi yote mpaka mikono ikafa ganzi. Yakawa magumu kama mawe ya kusagia. Gidion alisema upepo hautoshi, basi, leo umetosha.

Mchana ulikuwa mchungu. Gari halipo. Kezia alilia kama anayechinjwa. Nilimbeba mgongoni, nikamzungusha ghala, nikamwimbia, nikamwonyesha ndama, vifaranga, nikamwonyesha hata Nchagwa kwa mbali. Alikataa kila kitu. Alipolala jua lilikuwa limekwisha kuinama, na mimi nilikuwa nimebaki nusu mtu. Mzee Wangwe leo hakumfokea mbwa hata mara moja. Alikaa amenyamaza, anavuta tumbaku yake, anatabasamu. Uji wa ulezi umemsaidia.

Jioni Waitara akafika anapiga honi kuanzia kwa Simoni. Amekwenda Gorong'a na kurudi, milima yote ile, na petroli imebaki! Amenivuta mpaka kwenye usukani kunionyesha mshale. Umesimama wima kama askari! Akanikumbatia mbele ya abiria. Akasema mama Kezia, nisamehe, mkono wako una baraka.

Upepo! Ni upepo tu! Wiki nzima wanaume wanakuna vichwa, na dawa iko kwenye pampu ya baiskeli!

Kesho kikao. Tabitha atafute jina la kumpa yule ng'ombe wake wa mawinguni.

Jumapili, 9 Februari

Sijui nianzie wapi. Nina hasira. Na aibu. Lakini hasira ndiyo kubwa.

Kikao kimekaa kando ya zizi. Mzee Wangwe kwenye kigoda, Waitara, Nchagwa, Tabitha na viatu vipya, wazee wawili wa ukoo. Mimi siwezi kuketi mbele ya baba mkwe, kwa hiyo nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta, na Kezia, sikio kwenye ufa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Waitara akasimama akaeleza safari ya Gorong'a, mshale, upepo. Akanisifu! Mbele ya wazee! Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Tabitha akasema mlevi akipitisha siku moja bila kunywa haitwi mlokole. Wazee wakacheka. Mmoja akasema lakini ng'ombe anazaa, gari umeona limezaa wapi. Waitara akajibu kwamba gari limempa mjukuu wao uhai, waulize hospitali. Nilifuta machozi kwa kanga. Tunashinda, nikajiambia. Tunashinda!

Maneno yakaendelea. Wazee wakianza habari za ng'ombe hawamalizi. Wakarudi mpaka ng'ombe wa babu. Mchana ukaingia, joto likapanda, Kezia akaanza kunung'unika. Nikamtikisa. Akaongeza. Nikaona kilio kinakuja, kile cha jana, na kitaharibu kikao sasa hivi mambo yakiwa mazuri. Mama afanye nini?

Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikazunguka ghala kwa nyuma, nikaingia garini, nikafunga mlango polepole, nikawasha.

Nilisahau kitu kimoja. Jumapili Simoni hasagi.

Nyumba yote ilikuwa kimya kama kaburi, na ndani ya kimya hicho gari letu likanguruma kama mchungaji aliyeshika kipaza sauti. Kezia akalala papo hapo. Nikaegemeza kichwa. Nikahisi kivuli. Nikafumbua macho, na kioo chote kimejaa nyuso.

Waitara. Nchagwa. Tabitha. Wazee wawili. Na nyuma yao, amenipa mgongo kwa heshima, mzee Wangwe na mbwa wake.

Waitara akaniuliza kupitia kioo ninafanya nini. Nikamwambia asipige kelele, mtoto amelala. Akauliza kama leo ni mara ya kwanza. Nikasema kila siku, kwani vipi, haliendi popote. Akauliza kila siku muda gani. Nikasema mpaka Simoni anapozima mashine. Nikamwona anaanza kuhesabu, midomo inacheza. Halafu akaweka paji la uso kwenye paa la gari akabaki hivyo.

Nchagwa alianguka chini. Namaanisha alianguka! Alicheka mpaka akashika fensi ya zizi, akasema shemeji, mikono yangu umeinusa, ya kwako je?

Mzee Wangwe akamwambia mbwa, umesikia sasa, Sungusungu? Nimekwambia wiki nzima!

Kumbe! KUMBE! Alikuwa ananiona kila siku! Akaona aibu kumsema mkwe wake aliyelala na mtoto. Nchagwa wa kumtuma amenuna. Basi akamwambia mbwa, akitumaini nitasikia! Wiki nzima nimepigwa jua, nimefua filta, nimepoteza kitenge, nimefukuza vifaranga, na jibu analo mbwa!

Tabitha akasema kwamba basi kiuzwe chanzo. Ananitazama mimi. Mzee Wangwe akageuka kidogo, siyo sana, akamwambia Nchagwa kwa sauti ambayo hata Mugumu wamesikia. Mura, kijana wangu, waambie hivi. Gari halina ugonjwa. Gari halitauzwa. Lakini Waitara akirudi kula mchana, ufunguo utaning'inia kwenye msumari ndani ya nyumba yangu.

Nyumba yake! Ambayo mkwe hawezi kukanyaga! Wazee wakatikisa vichwa, wakasema hiyo ni hukumu. Tabitha akaondoka bila kuaga, akafika barabarani, akarudi kuomba apelekwe na gari.

Gari limebaki. Nashukuru, Mungu ananiona nashukuru. Usiku Waitara alicheka peke yake kitandani mpaka kitanda kikalia. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema alikuwa akisikia mngurumo usingizini anaota anapeleka abiria, akawa analala kwa amani kumbe petroli ni ya kwake. Nikamgeuzia mgongo. Akanivuta. Nimemsamehe kidogo.

Lakini wasinifundishe. Upepo ulisaidia pia. Hilo hakuna wa kuniondolea.

Ijumaa, 14 Februari

Amani imerudi Busawe. Mshale wa gari unasimama pale pale anapouacha Waitara. Anapiga mluzi akioga. Nimemwomba Nchagwa radhi kwa kuku mzima wa mchuzi, na amerudi kula kwangu. Anakula kwa watu wawili, lakini shemeji ni shemeji.

Ufunguo uko msumarini kwa mzee, siugusi, siuoni, siutaki. Nimeelewa kabisa. Gari la watu halichezewi. Gari lina injini kubwa, na tumbo kubwa. Mtu ukitaka kumbembeleza mtoto, tumia kitu kidogo.

Ndiyo maana nashangaa leo. Nchagwa amekuja kula uso umekunjamana. Anasema pikipiki yake tangu Jumatatu inakunywa kama imelogwa. Anaiegesha mchana kivulini, imesimama kwenye stendi yake, anaingia kulala. Akiamka jioni tenki ni jepesi. Anamtazama Waitara kwa jicho baya. Waitara anatazama sahani.

Nilimhurumia kijana wa watu. Nimemwambia atulie, mambo haya mimi nimeyapitia. Nikamfundisha kila kitu. Aangalie upepo wa matairi kwanza, hilo ndilo kubwa. Filta asifue. Asimwamini fundi yeyote anayeuliza maswali mengi. Na afunge uzi kwenye mfuniko wa tenki, nimempa mwingine wa sweta ile ile ya Kezia.

Akaniuliza nani atailinda akilala. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kila mchana mimi mwenyewe ninakaa juu ya pikipiki hiyo, mtoto mgongoni, injini imewaka, tena Kezia akilala hapo haamki kirahisi. Mwizi akithubutu kusogea, nitamwona.